Kilo Moja ya Kwenye Karatasi na Kilo Moja ya Kwenye Mizani

   

Leo nina swali moja tu. Umenunua pakiti za unga dukani. Kila pakiti imeandikwa kilo moja. Umezipima, ukatafuta wastani wake, ukapata gramu 994. Zimepungua gramu sita. Je, umeibiwa?

Wapo watakaojibu haraka, "Ndiyo, nimeibiwa!" Na wapo watakaosema, "Ah, gramu sita ni nini? Achana nayo." Mimi nawaomba wote wawili wasubiri kidogo, kwa sababu kwa habari hiyo peke yake, hakuna hata mmoja wao anayejua anachokisema. Gramu 994 inaweza kuwa ushahidi mzito, na gramu 994 hiyo hiyo inaweza isiwe ushahidi wa chochote. Tofauti iko wapi? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Suala la mizani si geni kwetu huku Kanda ya Ziwa. Wazee wanaikumbuka pamba. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa Usukuma alikuwa akibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, anapimiwa, anaambiwa ni kiasi fulani, anaondoka akinung'unika. Manung'uniko hayo ya mizani ni moja ya mambo yaliyowasukuma wakulima kuungana. Paul Bomani, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii, alikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya pamba, Victoria Federation, makao yake hapa hapa Mwanza. Baadaye likaja kuwa chama cha ushirika cha Nyanza, jina ambalo kila mtu wa ukanda huu analijua.

Na tuseme ukweli wote. Lawama hazikuwa za upande mmoja. Mnunuzi alilaumiwa kwa mizani, na mkulima naye alilaumiwa kwa mchanga na maji kwenye pamba. Kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba mwenzake ni mwizi. Lakini uhakika wa moyoni haupimwi kwenye mizani. Uthibitisho unahitaji hesabu, na hesabu yenyewe, nawahakikishia, si ngumu. Mtoto wa sekondari anaiweza.

Haya, twende polepole.

Jambo la kwanza: kuna namba mbili mezani, na lazima tuzitenganishe. Namba ya kwanza ni ile inayojulikana, au inayodaiwa. Pakiti imeandikwa kilo moja, yaani gramu 1,000. Hiyo ndiyo ahadi ya mfungashaji kuhusu pakiti zake zote, zile zilizoko dukani, stoo na barabarani. Namba ya pili ni wastani wa pakiti chache ulizozipima wewe. Hizo chache tunaziita sampuli. Swali letu ni hili: je, wastani wa sampuli uko mbali na ahadi kiasi cha kutufanya tuseme ahadi imevunjwa? Au umbali huo ni wa kawaida, ungeweza kutokea hata kwa mfungashaji mwaminifu kabisa?

Nasema "hata kwa mfungashaji mwaminifu" kwa makusudi. Hakuna mashine wala mkono unaojaza gramu 1,000 kamili kila mara. Pakiti moja itakuwa 1,003, nyingine 998, nyingine 1,001. Muulize mama yeyote anayefungasha dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Akichota kwa mkono uleule, kwa kopo lilelile, mafungu hayalingani. Hiyo si dhambi, ndiyo hali ya vitu. Kwa hiyo ukipima pakiti chache, wastani wake hautakuwa 1,000 kamili hata kama hakuna aliyekuibia. Utapanda kidogo au utashuka kidogo.

Basi tunahitaji kujua "kidogo" ni kiasi gani. Na hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha mazungumzo. Naomba mnisikilize vizuri, na mwenye kalamu aandike. Ili kuamua, unahitaji vitu vitatu. Kwanza, pengo: wastani wako uko mbali kiasi gani na ile namba inayojulikana. Pili, mtawanyiko: pakiti zako zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe kiasi gani. Tatu, idadi: umepima pakiti ngapi. Narudia. Pengo, mtawanyiko, idadi. Ukikosa kimoja, huwezi kutoa hukumu.

Tuweke mfano wa kubuni, tuone vitu hivi vitatu vinavyofanya kazi.

Duka la kwanza. Unapima pakiti tisa. Nyepesi kuliko zote ina gramu 985, nzito kuliko zote ina gramu 1,003. Wastani ni 994. Pengo ni gramu sita. Sasa mtawanyiko. Kila pakiti unaangalia iko mbali kiasi gani na 994, unazidisha umbali huo kwa wenyewe, unajumlisha yote, unagawanya kwa idadi ya pakiti ukipunguza moja, yaani nane, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Simu nyingi zina kikokotoo cha kukusaidia. Katika duka hili unapata gramu sita.

Hatua inayofuata ndiyo tamu. Chukua mtawanyiko huo, gramu sita, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha idadi ya pakiti. Pakiti ni tisa, kipeuo chake ni tatu. Sita kwa tatu, mbili. Hizo gramu mbili ndizo kiasi ambacho wastani wa pakiti tisa za namna hii huyumba wenyewe, bila hila ya mtu. Sasa uliza: pengo langu la gramu sita lina miyumbo mingapi ya namna hiyo? Sita kwa mbili, tatu. Pengo ni mara tatu ya myumbo wa kawaida. Hapo una sababu nzuri ya kutilia shaka kilo ya duka hilo.

Duka la pili. Unapima pakiti tisa vilevile, na wastani ni 994 vilevile. Lakini hapa pakiti zimetawanyika sana. Nyepesi ina gramu 967, nzito ina gramu 1,021. Mtawanyiko ni gramu 18. Gawanya kwa tatu, unapata sita. Maana yake wastani wa pakiti tisa za duka hili huyumba kwa gramu kama sita wenyewe. Na pengo lako ni gramu ngapi? Ni hizo hizo sita. Sita kwa sita, moja. Pengo ni sawa na myumbo wa kawaida. Kwa ushahidi huu huwezi kumshika mtu. Ukipima pakiti nyingine tisa kesho, wastani unaweza kuwa 1,003, ukajikuta unamshukuru muuzaji uliyemtukana jana.

Mmeona, wasikilizaji? Wastani ni uleule, idadi ni ileile, lakini hukumu ni tofauti. Kilichobadilika ni mtawanyiko.

Duka la tatu. Mtawanyiko ni mkubwa, gramu 18, kama duka la pili. Wastani ni 994 tena. Ila hapa umejitahidi, umepima pakiti 81. Kipeuo cha 81 ni tisa. Kumi na nane kwa tisa, mbili. Pengo la sita kwa mbili, tatu. Tumerudi palepale pa duka la kwanza: shaka yako ina mguu wa kusimamia. Kilichobadilika sasa ni idadi.

Fikiria mtu anakuita akiwa kwenye mtumbwi ziwani na wewe uko ufukweni. Ziwa likiwa limetulia, hata sauti ndogo utaisikia. Upepo ukivuma na mawimbi yakipiga, sauti ileile inapotea, na itabidi aite mara nyingi ndipo uwe na hakika kwamba ni jina lako linaloitwa. Pengo ndiyo sauti, mtawanyiko ndiyo upepo, idadi ndiyo mara alizoita.

Na angalieni jambo moja la kuhuzunisha kidogo kwa sisi wavivu. Tumetoka pakiti tisa hadi 81, yaani mara tisa zaidi, lakini myumbo umepungua mara tatu tu, kutoka gramu sita hadi mbili. Ndiyo gharama ya kile kipeuo. Ukitaka hakika mara mbili, pima mara nne. Ukitaka mara tatu, pima mara tisa. Uhakika hauji kwa bei ya jumla.

Sasa mnaweza kuniuliza: mbona unasema "mara tatu" ni shaka na "mara moja" si shaka? Mpaka uko wapi? Swali zuri, na jibu lake lina historia inayopita kwenye kiwanda cha bia.

Mwaka 1899 kijana mmoja wa Kiingereza, William Sealy Gosset, aliyesoma kemia na hisabati Oxford, aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, Ayalandi. Kazi yake ilihusu shayiri na ubora wa bia. Tatizo lake lilikuwa hili: majaribio ya shayiri ni ghali na huchukua msimu mzima, kwa hiyo alikuwa na vipimo vichache tu, vinne, vitano, kumi. Wataalamu wa hesabu wa wakati ule walizoea sampuli kubwa za mamia. Njia zao zilimwambia, ukiwa na vipimo vingi, pengo likizidi kama mara mbili ya myumbo, lina maana. Lakini mtu mwenye vipimo vinne afanye nini?

Gosset aligundua kwamba ukiwa na vipimo vichache, hata mtawanyiko wenyewe huujui sawasawa. Unaukadiria kutoka kwenye hivyo hivyo vichache. Unaweza kuokota pakiti nne zilizofanana kwa bahati tu, ukadhani upepo umetulia kumbe unavuma. Kwa hiyo mwenye vipimo vichache lazima adai pengo kubwa zaidi kabla ya kusema neno.

Na alilithibitishaje? Alitafuta hesabu yake, kisha akaijaribu kwa mikono. Alichukua vipimo vya wafungwa 3,000 wa Uingereza, urefu wao na urefu wa kidole chao cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya kadi sawasawa, akazigawa nne nne. Akapata sampuli 750, kila moja ya watu wanne. Kisha akaangalia wastani wa hizo sampuli unavyoyumba kuzunguka wastani wa wote 3,000, ambao alikuwa anaujua. Bila kompyuta, wasikilizaji. Kwa kadi na subira.

Mwaka 1908 akachapisha matokeo katika jarida la Biometrika. Lakini kiwanda hakikuwaruhusu wafanyakazi wake kuchapisha utafiti kwa majina yao, basi akatumia jina la kujificha: Student, yaani mwanafunzi. Ndiyo maana mpaka leo, pale vyuoni Nyegezi na Bugando na kwingineko duniani, wanafunzi wanafundishwa "jaribio la t la Student," na wengi wao hawajui kwamba huyo mwanafunzi alikuwa mtengeneza bia. Baadaye mtaalamu mwingine, Ronald Fisher, aliieneza njia hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1925.

Basi mpaka uko wapi? Kwa desturi ya watafiti, ukiwa na pakiti nne tu, pengo lizidi mara tatu ya myumbo na kidogo juu. Ukiwa na tisa, lizidi mara mbili na robo hivi. Ukiwa na mamia, mara mbili inatosha. Kumbuka hivyo tu: vipimo vichache, dai pengo kubwa. Rudini kwenye duka la kwanza. Pakiti tisa, pengo mara tatu. Limevuka. Duka la pili, pengo mara moja. Halijavuka, wala halijakaribia.

Sasa tuingie mahali ambapo hata wasomi huteleza. Ukishavuka mpaka, umepata nini hasa? Je, umethibitisha wizi?

Hapana. Umethibitisha kwamba kama kweli pakiti zote zingekuwa na wastani wa kilo moja, tokeo kama lako lingekuwa la nadra. Nadra kiasi gani? Kwa mpaka huo wa desturi, mara moja katika 20, tukihesabu mapengo ya kupungua na ya kuzidi. Sasa fikiria mkaguzi anayezunguka soko zima, akapima bidhaa za wafungashaji 20, wote waaminifu kabisa. Kwa mpaka huo, atarajie kumnyooshea kidole mmoja asiye na kosa. Mmoja katika 20! Je, hiyo ni haki, kumfungia mtu duka kwa bahati mbaya?

Waliotunga taratibu za ukaguzi wa vipimo walilifikiria hilo. Lipo Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, lililoundwa Paris mwaka 1955, mwaka uleule wa Victoria Federation yetu. Tanzania ni mwanachama wake. Mwongozo wa shirika hilo kuhusu bidhaa zilizofungashwa ulikuja na mpaka mkali zaidi: mfungashaji mwenye wastani ulio sawasawa asiangushwe kwa bahati zaidi ya mara moja katika 200. Katika toleo lake la mwaka 2004, shehena yenye pakiti 100 hadi 500 ilichukuliwa sampuli ya pakiti 50. Na hesabu yake ni hii hii tuliyoifanya hapa: pengo, mtawanyiko na idadi. Hesabu ya Gosset ya shayiri imeingia kwenye mfuko wako wa sukari.

Upande wa pili wa shilingi ni muhimu vilevile. Ukishindwa kuvuka mpaka, hujathibitisha kwamba muuzaji ni mwaminifu. Lile duka la pili linaweza kuwa linapunja kweli, ila pakiti tisa hazikutosha kulionyesha. Neno sahihi hapo ni "sina ushahidi wa kutosha." Kutokuona mamba hakufanyi maji kuwa salama, na watu wa ziwani mnalijua hilo kuliko mimi. Kama shaka imebaki, pima zaidi.

Na kuna la tatu. Ukipima pakiti maelfu, hata pengo la nusu gramu litavuka mpaka. Je, nusu gramu kwenye kilo ni ya kugombana? Hesabu itakuambia pengo lipo. Kama pengo hilo ni kubwa kiasi cha kujali, hilo ni la kuamua kwa akili na mfuko. Gramu sita kwa mnunuzi wa pakiti moja ni vumbi. Kwa mfungashaji anayeuza pakiti elfu kwa siku, ni kilo sita za watu kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, na swali ni kibaba cha nani kinachojaa.

Wasikilizaji, mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mizani yenu ni sahihi na pakiti mmezichukua kwa haki. Tusipite hapo haraka, maana ndipo hesabu nzuri huharibikiwa.

Mizani kwanza. Kama mizani yako yenyewe inapunguza gramu sita kila mara, basi pakiti zote zitaonekana pungufu kwa gramu sita. Pima tisa, pima 81, pima elfu kumi, pengo halitaondoka. Tena ubaya wake ni kwamba kadiri unavyopima zaidi ndivyo utakavyozidi kuwa na uhakika wa uongo! Idadi hutibu mtawanyiko, haitibu mizani mbovu. Ndiyo sababu mizani za biashara zinatakiwa kuhakikiwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo, na kubandikwa stika. Ukiwa sokoni, iangalie stika hiyo. Na pima unga, usipime mfuko: toa uzito wa kifungashio.

Sampuli nayo. Nani alizichagua hizo pakiti tisa? Kama ni muuzaji aliyekukabidhi, umepima alichotaka upime. Kama zote zimetoka boksi moja, umepima boksi, hujapima duka. Anayenunua gunia la dagaa mwaloni anajua: ukiangalia juu ya gunia tu, utaona dagaa weupe waliokauka vizuri, na mchanga utaukuta nyumbani. Unaingiza mkono mpaka chini. Sampuli ya haki ni ile ambayo kila pakiti ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, ya juu na ya chini, ya mbele na ya nyuma. Gosset alizichanganya kadi zake kabla ya kuzigawa, na hilo halikuwa pambo.

Tena amua swali lako kabla ya kupima. Mnunuzi wa unga anauliza, "Je, imepungua?" Mkulima wa mpunga anayeuzia gunia analazimishwa lumbesa, lile gunia lililovimba juu na kushonewa kofia. Yeye anauliza kinyume: "Je, gunia linaloitwa la kilo 100 limezidi?" Hesabu ni ileile, upande ni tofauti. Usipime kwanza, ukaona namba zimeangukia wapi, halafu ndipo ukachagua cha kulalamikia. Ukifanya hivyo hutakosa la kulalamikia.

La mwisho kabla sijahitimisha. Si kila jambo ni la wastani. Sheria ya uvuvi hairuhusu sangara chini ya sentimita 50. Sasa mvuvi analeta samaki mwaloni, nusu wana sentimita 40, nusu wana sentimita 80. Wastani wao? Sentimita 60. Wastani mzuri kabisa! Na nusu ya mzigo wake ni samaki wachanga ambao hawakupaswa kuvuliwa. Sheria ile inamhusu kila samaki, haihusu wastani wa mtumbwi. Hata kwenye pakiti za unga, ule mwongozo wa kimataifa haukuishia kwenye wastani. Katika toleo lile la 2004, kwa pakiti ya kilo moja, upungufu wa gramu 15 ulikuwa ukingo ambao katika sampuli ya pakiti 50 zisizidi tatu kuuvuka, na haikuruhusiwa hata moja kupungua zaidi ya gramu 30. Kwa nini? Kwa sababu mama aliyenunua pakiti moja nyepesi hafaidiki na pakiti nzito ya jirani yake. Wastani hauliwi.

Basi tukusanye tuliyoyasema, maana redio hairudishwi nyuma.

Moja, ijue namba inayodaiwa, na amua swali lako kabla ya kugusa mizani. Mbili, hakikisha mizani ni sahihi na sampuli umeichagua kwa haki. Tatu, tafuta pengo, tafuta mtawanyiko, hesabu idadi. Gawanya mtawanyiko kwa kipeuo cha idadi, uone pengo lina miyumbo mingapi. Nne, ukiwa na vipimo vichache, dai pengo kubwa. Tano, likivuka mpaka, una ushahidi na bado hujapata hukumu ya milele. Lisipovuka, huna ushahidi na bado hujapata cheti cha uaminifu. Na sita, jiulize kama jambo lenyewe ni la wastani au ni la kila kimoja.

Ndugu zangu wafungashaji, mnaoanzisha viwanda vidogo vya unga, mchele na dagaa hapa Mwanza, neno langu kwenu ni hili: msisubiri mkaguzi. Kila siku ya kazi okoteni pakiti kadhaa bila kuchagua, zipimeni, andikeni. Mkiona wastani unateleza, rekebisheni mashine kabla mteja hajaona. Mkiona mtawanyiko ni mkubwa, rekebisheni mkono unaojaza, kwa sababu anayejaza kwa kuyumba hulazimika kuongeza gramu nyingi ili awe salama, na gramu hizo ni hela yake mwenyewe.

Walimu wa hisabati mnaonisikiliza, nawaomba: wiki hii pelekeni mizani darasani. Wanafunzi walete pakiti tisa za chumvi, wafanye hesabu hii kwa mikono yao. Watalielewa somo la takwimu kuliko kwa kukariri fomula ubaoni.

Na wewe mnunuzi, siku utakapohisi umepunjwa, usimtukane mtu kwa pakiti moja, wala usinyamaze kwa sababu ni gramu chache. Pima kadhaa, andika kila uzito kwenye karatasi, weka tarehe na jina la bidhaa, uipeleke karatasi hiyo ofisi ya Wakala wa Vipimo. Mlalamikaji mwenye vipimo vyake mkononi ni vigumu kumrudisha nyumbani mikono mitupu.